Unataka Miaka Mingapi, Mzee?

Jiji hili la Dodoma lina tatizo ambalo halijawahi kufika bungeni, ingawa bunge liko hapa hapa: kila mtu ana nyumba mpya, na kila mtu anatafuta kitu cha zamani cha kuweka ndani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa mwaka 1973. Wakubwa waliupigia makofi, kisha wakaendelea kukaa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40 wakila samaki. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa tunahama kweli, na safari hii watu wakafunga mizigo. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji. Tangu hapo Iyumbu, Ilazo na Nzuguni kumeota nyumba ambazo plasta haijakauka, jipsam inang'aa, vigae vinateleza, na katikati ya sebule amesimama mwenye nyumba akilalamika kwamba nyumba haina historia.

Historia! Nyumba imeezekwa mwaka jana. Itaipata wapi?

Mke wangu ni mmoja wa walalamikaji hao. Yeye Mrangi wa Kondoa, mimi mtu wa Tanga, na tumeishi Leicester, Uingereza, miaka mingi; mimi nikiendesha basi, yeye akiuguza vikongwe vya watu. Huko ndiko alikoambukizwa. Kule siku ya Jumamosi watu wazima wenye akili zao wanaingia maduka ya mitumba kununua vikombe visivyo na visosi, wanarudi nyumbani wakitabasamu. Wana kanuni yao: kitu kikitimiza miaka 100 ndipo kinaitwa cha kale, chini ya hapo ni kikuukuu tu, usijidanganye. Na tangu miaka ya 2000 bei ya yale makabati mazito ya mbao nyeusi imeporomoka, maana vijana wao wanapanga vyumba ambavyo kabati likiingia, mpangaji anatoka. Nikamwambia mke wangu tununue huko huko, tupakie kwenye kontena. Akasema hapana, tutanunua nyumbani, tuwaunge mkono watu wetu.

Watu wetu wanashukuru sana.

Kiwanja tulikipata bila shida. Nchi yetu haikubali uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuwa haimpi ardhi asiye raia ila kwa njia ya uwekezaji, kwa hiyo miaka yote ile ya baridi tulizikumbatia pasipoti zetu za Tanzania wakati wenzetu wakibadilisha. Mimi ni raia kamili kwa karatasi. Tatizo ni kwamba sokoni karatasi haisomwi. Sokoni wanasoma viatu.

Dodoma ina vyeo vyake vya kibiashara. Ukishuka kwenye gari refu lenye vioo vyeusi, wewe ni mheshimiwa. Ukishuka kwenye bodaboda, wewe ni kaka. Ukishuka kwenye bajaji ukiwa umevaa kofia ya jua, na mkeo anagonga gonga mbao kwa kidole huku akisema "hii ni nzuri jamani", wewe ni diaspora. Bei zinafuata vyeo hivyo, ila msidhani mheshimiwa ndiye yuko juu. Diaspora yuko juu ya mheshimiwa, kwa sababu mheshimiwa anajua kukopa.

Nimejaribu kujificha. Nilivaa kandambili, nikamwacha mke nyumbani, nikaenda peke yangu kuulizia kabati nililokwisha kuambiwa ni laki nne. Nikatanguliza salamu ya Wagogo, wenyeji wa huku, "Mbukwenyi", kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Bahi. Muuzaji akacheka mpaka akakaa. Akaniambia yeye ni Mkinga kutoka Makete, hiyo salamu hata yeye anajifunza, halafu akasema kabati ni laki nne na nusu. Nikamuuliza hiyo nusu imetoka wapi. Akasema, "Mzee, wiki iliyopita ulikuwa unaangalia tu. Leo umerudi."

Lakini bei naweza kuivumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni hadithi.

Kwa madalali wa Dodoma, samani za kale zina asili mbili tu duniani: ya Mjerumani na ya Kongwa. Hakuna meza iliyotengenezwa na fundi wa mtaa wa Kikuyu mwaka 1978 kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Hakuna kabati la mwalimu mstaafu. Ukiuliza tu, dalali anashusha sauti, anatazama kushoto na kulia, anasema: "Hii ni ya Mjerumani."

Tufanye hesabu. Reli ya Kati ilifika Dodoma karibu mwaka 1910. Majeshi ya Mwingereza yakaingia mwaka 1916, Mjerumani akaondoka mbio kuelekea kusini. Miaka sita, basi. Katika miaka sita hiyo, kwa ushahidi wa madalali niliokutana nao, Mjerumani huyu alitengeneza na kuacha meza za kulia, makabati ya vyombo, vitanda, stuli ndefu za baa, na, siongezi chumvi, kochi la kukunjua la rangi ya maziwa. Mtu huyu alikuwa akitawala saa ngapi?

Kuna meza moja niliyoipenda kweli. Nzito, mbao nyekundu, miguu minene. Dalali akaapa kwa mama yake: ya stesheni, 1912, aliandikia bwana stesheni mwenyewe. Nikainama chini, maana ndiko ukweli wa meza uliko. Juu kila mtu anapaka vanishi, chini hakuna anayehangaika. Nikakuta skrubu za nyota. Wasomaji ambao hamjawahi kushika bisibisi, nisikilizeni: skrubu ya zamani ina mfereji mmoja. Ile yenye alama ya nyota ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930. Nikamwambia dalali kwamba bwana stesheni wake alikuwa ameshaondoka miaka mingi kabla skrubu yake haijabuniwa. Hakutikisika hata kidogo. "Mzee," akasema, "Wajerumani walikuwa mbele sana kiteknolojia."

Na kama ni kuacha, mimi ninavyojua habari za Mjerumani, yule hakuwa mtu wa kuacha samani. Alikuwa mtu wa kuchukua. Kile kiti cha enzi cha Buruku, Unyamwezi, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, kilichukuliwa mwishoni mwa karne ya 19 na mpaka leo kiko Berlin, makumbusho. Wenzetu walibeba kiti cha mtemi, sisi tumebaki tunauziana stuli za baa kwa jina lao.

Mkweli pekee niliyempata katika biashara hii yote ni fundi seremala wa mtaani kwetu. Simtaji jina, akisikia ameandikwa ataongeza bei. Huyu anatengeneza meza ya mninga mtupu, anaimaliza Jumatatu, halafu Jumanne anaanza kuizeesha. Anaipiga kwa mnyororo wa baiskeli. Anaimwagia majani ya chai yaliyochemka mpaka yamekuwa meusi. Kwenye kona anapaka kiwi ya viatu, anasugua kwa gunia. Kisha anaitoa nje na kuliachia jua la Dodoma limalizie. Matundu ya wadudu anatoboa kwa keekee, na hapo ndipo namlaumu, maana yanakaa kwenye mstari mmoja, nafasi sawa sawa, mdudu amesoma jiometri. Nilimkuta kazini nikamuuliza kama hiyo meza ina miaka mia moja. Akanitazama kwa upole wa daktari.

"Unataka miaka mingapi, mzee wangu? Hamsini nakupa Ijumaa. Mia moja itabidi uache advansi."

Nikamwambia sitaki hata mmoja. Mninga mtupu siku hizi wenyewe ni hadithi. Ukienda madukani unauziwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukimwagikiwa chai unavimba, mlango haufungiki tena. Meza ya fundi huyu ikiachwa bila kupigwa mnyororo itazeeka yenyewe, kwa amani, na wajukuu wataikuta. Nilimweleza mke wangu haya yote kwa ufasaha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, lakini haina historia." Siku iliyofuata tukaenda Kongwa.

Kwa wasiojua, Kongwa unachepuka pale Mbande, barabara ya kwenda Morogoro. Nakubali kwamba huko historia ipo kweli, na ya kuchekesha kuliko safu hii. Mwaka 1947 Waingereza, njaa ya mafuta ya kupikia ikiwa imewabana baada ya vita, waliamua kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ndiko walikoanzia. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, pamoja na Urambo na Nachingwea. Na mnajua walianza na nini? Mitumba! Matrekta kuukuu ya jeshi yaliyonunuliwa Ufilipino, ambayo yalianza kufa kabla hayajazoea hewa. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iligoma kung'oka. Ardhi mvua ikikatika inakuwa sakafu, jembe linakatika, na mvua ya Ugogo hukatika inapotaka yenyewe, haisomi mpango wa London. Wagogo walikuwa wanatazama tu. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimezikwa kwenye udongo mwekundu, na karanga zilizovunwa zikawa chache kuliko zilizopandwa.

Sasa kitu kama hicho kikitokea, ni kweli samani zinabaki. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, kulikuwa na shule ya watoto wa Kizungu iliyofunguliwa mwaka 1948 ikafungwa mwaka 1958 wanafunzi wakahamishiwa Iringa. Kwa hiyo nilikwenda na moyo mweupe. Mzee mmoja akatupokea vizuri, shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, habari za Dodoma, habari za joto. Akatuonyesha kiti. Cha mbao nzito, mikono mipana, kamba za kukalia zimekatika. Nikainama: skrubu zina mfereji mmoja mmoja, safi. Moyo ukaruka. Akasema kiti kilikuwa cha bwana mkubwa wa karanga.

Mke wangu akanyamaza kidogo. Alinyamaza kwa sababu ana siasa zake. Hapendi kuweka sebuleni kiti cha mkoloni. Mzee aliona uso wake, na nampa heshima, maana alibadilisha njia bila kukanyaga breki. "Lakini baadaye," akasema, "walikuja wapigania uhuru. Hapa hapa. Kiti hiki alikalia Mandela."

Wapigania uhuru walikuja kweli. Kambi ya Kongwa ilifunguliwa mwaka 1964. ANC walikuwepo, FRELIMO walikuwepo, SWAPO nao. Heshima hiyo Kongwa haiwezi kunyang'anywa na mtu. Ila Mandela alipita Tanganyika mapema mwaka 1962, akaonana na Mwalimu Nyerere, akaendelea na safari yake, akarudi kwao, na Agosti mwaka huo huo akakamatwa. Kambi inafunguliwa, yeye yuko gerezani kwao. Angekikalia saa ngapi? Nilianza kumweleza mzee haya, taratibu, kwa adabu, maana ni mtu mzima na nimekunywa maji yake. Mke wangu akanikanyaga mguu. Alikuwa ameshaulizia bei, na bei ilikuwa ya Mandela.

Tulikinunua kwa bei ya mfungwa wa kawaida baada ya mazungumzo marefu. Kiti kizuri. Mgeni akija nyumbani, mke wangu anamwambia ni cha wapigania uhuru. Mimi naenda jikoni.

Niwaambie mahali ambapo samani za kale za kweli huenda, kwa wanaotaka kulia. Zinakwenda kwenye minada ya vifaa chakavu. Enzi za mkoloni, idara ya ujenzi, ile PWD, ilitengeneza samani za nyumba za serikali nchi nzima: viti vya mvule na mninga, makabati, meza za kuandikia, mtindo mmoja Lindi hadi Bukoba, na nyingi zilidumu ofisini zikikaliwa na makarani vizazi na vizazi. Ofisi zilipohamia Dodoma zikapata viti vipya vya magurudumu, vile ambavyo mwaka wa pili vinashuka vyenyewe bosi akiwa katikati ya kikao. Vya zamani vikatolewa mnada.

Mnada mmoja kama huo, wa ofisi nisiyoitaja, nilikuta viti vya PWD vimerundikwa loti moja na mashine za kuchapisha zilizokufa, matairi yaliyopasuka na jokofu lisilo na mlango. Huuziwi kiti, unauziwa loti. Aliyeshinda ni kijana wa vyuma chakavu. Nikamfuata, nikamuuliza viti atafanyia nini. Akasema chuma atapeleka kwa wenye mizani, mbao atampa shangazi yake mama lishe, kuni. Mvule! Kupikia makande! Nikamwambia nitavichukua mimi. Pale pale nikaona macho yake yanabadilika. Sekunde moja kabla, vilikuwa kuni za bure. "Kwa nini unavitaka?" akaniuliza. Nikasema vya kukalia tu. Akasema mtu hakimbizi kuni juani namna ile kwa ajili ya kukaa. Akataja bei ambayo ningeweza kununua jokofu jipya lenye mlango wake. Nilikataa, na hasira yangu ikawa kubwa kuliko akili. Shangazi yake anapika vizuri, nimeambiwa.

Halafu kuna hewa yenyewe ya Dodoma, adui ambaye hakuna dalali anayekuambia habari zake. Shangazi yangu mimi, wa Tanga, alinionea huruma akanipa kasha la familia, la njumu za shaba, misumari ya vichwa vya mviringo imepangwa maua. Mengi ya makasha haya tunayoyaita ya Zanzibar yaliletwa na majahazi kutoka India, na hilo kwa hesabu za shangazi lilikuja na bibi yake kama sanduku la arusi. Limekaa Tanga kwa amani, chini ya dirisha linaloingiza upepo wa bahari. Likapanda lori, likaja Dodoma.

Mbao haifi siku mti unapokatwa. Inaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutema. Pwani imeshiba, imetuna, viungo vimebana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua kwa mwaka ni milimita mia tano na kitu, na ikishakatika Aprili mpaka karibu na Desemba ni upepo na vumbi. Mbao ikifika huku inasinyaa, na inasinyaa kwa upana, siyo kwa urefu, kwa hiyo ubao unajivuta na msumari umeushika, na mmoja wao lazima akubali kushindwa. Kwa kasha la shangazi, ubao ulishindwa mwezi wa Julai, usiku wa manane, kwa mlio wa bunduki. Mlinzi akapiga filimbi. Jirani akaachia mbwa. Mke wangu akaniambia niende kuangalia, maana mimi ndiye mwanamume. Nikakuta kifuniko kimepasuka mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha. Wiki hiyo hiyo njumu mbili zikaruka.

Sasa shangazi ananipigia simu kila Ijumaa baada ya swala kuuliza kasha linaendeleaje, namjibu linaendelea kuzoea hali ya hewa.

Dalali wa mwisho nitakayemsema ni wa mlango. Alikuja mwenyewe nyumbani, Jumamosi, nikiwa natoka Msalato mnadani na kilo zangu za mbuzi. Alikuwa na picha kwenye simu: mlango mkubwa wa kuchonga, maua na minyororo pembeni, umetolewa, kwa maneno yake, kwenye nyumba ya zamani Tabora. Mzuri, siwezi kusema uongo. Mke wangu alishaanza kupima ukuta kwa macho. Hapo nikaona nitumie elimu. Nikamwambia dalali kwamba tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na sheria hiyo inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Haiuzwi hivi hivi kwa picha ya simu, kuna kibali, kuna serikali. Nikamuuliza: mlango wako ni wa mwaka gani?

Alikuwa ameniambia ni wa 1890. Akatazama picha yake. Akatazama mfuko wangu wa nyama. "Huu, mzee," akasema, "ni wa 1941."

Nilimkaribisha chakula. Mtu wa akili ile huwezi kumfukuza na njaa.

Kitu cha kale ambacho sina shaka nacho hata chembe kiko Kondoa, jikoni kwa mama mkwe. Kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kutoka gogo moja. Hakina kiungo, hakina gundi, hakina skrubu ya aina yoyote, kwa hiyo kiangazi hakina cha kulegeza. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo wenye mabonde; kiti chetu cha miguu minne, juu ya vigae vya Ilazo, kimewekewa karatasi iliyokunjwa. Juu kimeingia bonde la kukalia ambalo hakuna mnyororo wa baiskeli unaoweza kulitengeneza. Mama mkwe amepita miaka 80 na anasema alikikuta.

Mimi mkwe sina mdomo wa kukiomba. Kwa adabu nilizolelewa nazo hata kujua mama mkwe anakalia nini ni kuvuka mpaka. Kwa hiyo alisema mke wangu, kwa maneno ya asali, huku mimi nimesimama nje ya mlango nikijifanya naangalia kuku. "Mama, hicho kigoda mbona kizee? Tukuletee kiti kizuri cha plastiki, chenye mgongo, upumzike vizuri. Hicho tukupunguzie."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Hicho cha plastiki kina mgongo?"

"Ndiyo mama, kina mgongo na mikono."

"Basi kiwekeni kwenu. Nyie ndio mnaochoka."

Baadaye, tukiaga, akamwita binti yake pembeni akamuuliza kwa wasiwasi wa kweli kama huko Dodoma tulikojenga tumekosa pesa ya viti. Akatupa kuku wawili.

Sasa nageuka kwa wauzaji wa samani wa Dodoma, wa Majengo, wa kando ya barabara na wa chini ya miti. Sina ugomvi na nyinyi. Semeni meza ni ya Mjerumani, ya Mandela, ya bwana stesheni au ya juzi. Hadithi zenu nimeishia kuzipenda na ningezilipia kiingilio. Ninachowaomba ni kimoja: andikeni bei. Kwa chaki inatosha, juu ya meza, tarakimu zinazosomeka. Na mkishaandika, msifute mnaponiona nashuka kwenye bajaji.